Wasikilizaji wa Banda la Makuti

Kidole gumba cha Kabibi Mwaro kilikuwa kimeliwa na sindano. Miaka mingi ya kushona makuti ilikuwa imeifuta mistari aliyozaliwa nayo, hata kila alipotakiwa kutia alama ya kidole kwenye karatasi, iwe ya kusajili simu au ya chama cha akina mama, karani aliitazama ile alama, akatikisa kichwa na kumwambia, "Rudia, mama." Naye alirudia. Hakuwa na njia nyingine ya kuandika jina lake.

Si kwamba shule aliikataa. Alizaliwa upande wa Ganze, kifungua mimba wa nyumba yenye watoto wengi, na mwaka aliotarajiwa kuanza darasa la kwanza mama yake alijifungua pacha. Pacha hawaleleki na mtu mmoja. Kabibi akabaki nyumbani mwaka huo, mwaka uliofuata akaja mtoto mwingine, na habari ya shule ikapoa kama uji uliosahauliwa. Aliyekwenda shule ni mdogo wake, Masha. Masha alipokuwa akisoma kwa sauti, Kabibi alimsikiliza huku mtoto yuko mgongoni na ungo uko mikononi. Masha akikosea alijua, kwa sababu kisa hukatika ghafla, kama uzi.

"Hapo hapana," humwambia. "Rudi nyuma."

Masha alikuwa akikasirika, maana aliona ajabu asiyejua kusoma amkosoe anayejua. Lakini akirudi nyuma hukuta kweli ameruka neno.

Ukubwani Kabibi aliolewa Kibarani, mjini Kilifi. Akazaa, akafiwa na mume, akabaki na banda. Banda lenyewe lilikuwa paa tu juu ya nguzo, nyuma ya nyumba yake, na chini yake wanawake wa jirani walikaa juu ya majamvi wakishona makuti ya kuezekea mahoteli ya Bofa. Kazi hiyo si ngumu kueleza: jani la mnazi lililorowekwa hukunjwa juu ya kijiti, likafuatiwa na jingine, na uzi ukayafunga pamoja mpaka kijiti kikajaa. Mikono ikishazoea, macho hayana haja ya kuisimamia, na masikio hayana kazi kabisa. Ndiyo maana banda la makuti halikosi habari za mtaa.

Waliokuwa hapo kila siku ni Zipporah, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwimba kwaya mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Na Bi Swafiya, aliyeolewa Kilifi kutoka Mambrui, ambaye hakusema neno mpaka alipokwisha kulipima. Na alikuwapo Sidi, mjukuu wa Kabibi, mwanafunzi wa Gredi ya Tatu. Wazazi wake walifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, naye akalelewa na bibi yake, ambaye alimwita hawe kama watoto wote wa Kigiriama wanavyowaita bibi zao. Jina la Sidi lilikuwa la marehemu mama yake Kabibi, kwa hiyo Kabibi naye alimwita mama.

"Mama yangu, koga. Mama yangu, muache huyo paka."

"Huyo mtoto hatakuogopa kamwe," Zipporah alikuwa akimwambia.

"Na mimi nitamtisha vipi aliyenizaa?"

Mambo ya vitabu yalianza kwenye mkutano wa wazazi. Shule ya msingi ya mtaa huo ilikuwa na walimu wenye bidii na watoto wengi kupita kiasi. Mwalimu Mkuu, Easter Njoroge, alikuwa ametoka Nyandarua, na hata baada ya miaka kadhaa Pwani alikuwa bado na desturi ya kuingia kwenye jambo lenyewe kabla watu hawajamaliza kusalimiana.

"Wazazi, niwaambie ukweli," alisema. "Watoto wengi wa Gredi ya Tatu hawajui kusoma. Si wajinga, na walimu si wavivu. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Mtoto hujifunza kusoma akisoma kwa sauti na mtu mzima akimsikiliza, kila siku. Sasa mwalimu mmoja amsikilize nani, amwache nani?"

"Serikali ilete walimu," alisema Mwaringa, fundi mwashi aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi.

"Serikali imeambiwa."

"Basi iambiwe tena."

Watu wakacheka. Kabibi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huko kumsikiliza mtoto kwataka cheti?"

"Kunataka masikio, mama. Na subira."

"Masikio tunayo, yamekaa bure bandani kutwa nzima. Subira tutaiazima."

"Wewe Kabibi, herufi a huijui ukiiona," Mwaringa alisema. "Utamfunza nani?"

"Sijasema nitafunza. Nimesema nitasikiliza. Kisa kikikatika nitajua."

Mwalimu Easter hakucheka. Ofisini mwake kulikuwa na kabati la vitabu vya hadithi lililofungwa kwa kufuli, na kila asubuhi alipolitazama alijisikia kama mtu aliyefungia chakula ndani huku watoto wana njaa. Lakini kitabu kikipotea, yeye ndiye angeulizwa. Alifikiri, kisha akatoa shauri mbele ya wazazi wote. Sanduku moja la vitabu lingekwenda bandani kwa Kabibi mpaka mwisho wa muhula. Siku ya kufunga shule watoto wangesoma mbele ya wazazi. Matunda yakionekana, vitabu vingeendelea kutoka, na mitaa mingine ingepata masanduku yake. Yasipoonekana, vingerudi kabatini na kufuli lingerudi mahali pake.

Kabibi alilibeba lile sanduku kichwani mpaka nyumbani, shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba mahari.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Simeon, mwana wa Zipporah aliyekuwa tayari gredi za juu, aliwafungulia kazi kwa kuwasomea kitabu kimoja cha mbuzi aliyekula kofia ya chifu. Wanawake walicheka mpaka sindano zikawaponyoka. Kesho yake Sidi akakichukua kitabu kile kile, akasimama katikati ya banda na kukisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Chifu alimpa sauti nzito, mbuzi akampa sauti ya pua, na kurasa alizifunua mahali pake hasa.

"Haya!" Zipporah alisema. "Ni nani anayesema watoto hawajui kusoma?"

Tangu siku hiyo watoto walijaa bandani kila baada ya shule. Lakini kila alasiri haikukosekana sauti ya kusema, "Sidi, hebu tusomee mbuzi." Wengine nao walipewa zamu, ila zamu zao zilikuwa fupi. Kulikuwa na Whitney, binti wa mwenye kioski cha mkate wa boflo pale njiani, ambaye alikaa na kidole juu ya ukurasa akivuta kila silabi kama ndoo kutoka kisimani. "M-bu... mbu-zi... a-ka... aka-i..."

"Mwanangu," Zipporah alimwambia siku moja, "mbuzi wako akifika kwenye kofia, chifu atakuwa amekwisha kustaafu."

Wanawake wakaangua kicheko, Kabibi akiwa mmoja wao. Whitney akafunga kitabu. "Kesho, mwanangu," Kabibi alimwambia kwa upole. "Sidi, njoo."

Habari zilifika kwa Mwaringa, naye akaja mwenyewe kushuhudia. Alisimama kando ya nguzo, mikono imejaa vumbi la mawe, akamsikiliza Sidi mpaka mwisho, akapiga makofi. "Siku ya kufunga shule huyu ndiye atakayesoma," alisema. "Mbuzi huyu huyu. Kufuli la kabati litajifungua lenyewe." Kufikia jioni, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Muhula ulikuwa umefika nusu pale Sidi alipokuja bandani vidole vimekolea rangi nyekundu ya mabuyu. Alisoma mbuzi wake, akashangiliwa, akakimbilia michezoni. Baada ya watu kutawanyika Kabibi alikaa kuvipangusa vitabu kimoja kimoja, kama alivyofanya kila siku, maana aliahidi kuvirudisha safi. Katika kile cha mbuzi alikuta kurasa mbili zimegandana. Sukari ya mabuyu ilikuwa imezishika pembeni, nayo ilikuwa imekauka kabisa. Haikuwa ya leo, labda ya jana au juzi. Akachukua chelewa, ule uti mwembamba wa jani la mnazi, akaupitisha katikati polepole mpaka kurasa zikaachana bila kuchanika.

Ndani kulikuwa na picha ya mbuzi amesimama juu ya meza ya chifu, kofia iko mdomoni na wino umemwagika.

Kabibi akaitazama. Muda mfupi uliopita Sidi alikuwa amesoma mahali hapo hapo, mbuzi akapanda mezani, wino ukamwagika, na chifu akapiga ukelele. Alisoma bila kukwama. Lakini ukurasa huo haukuwa umefunguliwa.

Akakaa na kitabu mapajani. Aliyaona sasa yale ambayo mwenye kujua kusoma angeyaona siku ya kwanza. Mjukuu wake hakuwa amesoma neno hata moja. Alikuwa amemsikiliza Simeon mara moja, akakidaka kisa chote kwa masikio, kama walivyodaka visa wazee wake wote waliomtangulia. Kichwa hicho alikirithi. Na wao wenye masikio yao waliyojisifu nayo walimsikiliza siku zote hizo, wakalewa utamu.

Hakuna aliyejua ila yeye na ile sukari. Kabibi alilitambua hilo upesi, na lilimjaribu. Angenyamaza, Sidi angesimama mbele ya wazazi, angeng'ara, na vitabu vingebaki. Angesema, Mwaringa angepata la kumcheka mwaka mzima, na sanduku lingerudi kabatini. Lakini Sidi je? Angepanda gredi baada ya gredi na kisa kimoja mdomoni, na siku moja karani angemtazama kidole na kumwambia arudie.

Kesho yake aliwaambia wenzake mapema, kabla watoto hawajatoka shule.

"Nyamaza!" Zipporah alisema, akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma. "Nani atajua? Hutaki vitabu vibaki?"

"Nataka vibaki. Lakini vibaki vifanye nini?"

Bi Swafiya alikunja jani, akalishona, akakata uzi. Ndipo aliposema. "Chuoni kwetu Mambrui sote tulianza hivyo. Mimi juzuu nzima ya Kurani ilikuwa kifuani kabla sijaitambua herufi. Kuhifadhi si dhambi, Kabibi. Ni mlangoni tu, si ndani."

"Na ndani uliingiaje?"

"Maalimu alikuwa na kijiti. Humwacha mtoto atiririke kama maji, kisha ghafla akatia kijiti katikati ya ukurasa. Humwuliza, na hapa? Akinyamaza, amejulikana."

"Maalimu alikuwa ajua jawabu," Zipporah alisema. "Wewe wajua herufi za Kiarabu, hizi huzijui. Mimi sijui za hapa wala za huko. Mtoto akiniambia hapa pameandikwa tembo, nitasema amina."

Alikuwa na haki. Kabibi akakifungua kitabu. Hakujua herufi, lakini macho yake yalikuwa yamefundwa kazi moja kwa miaka mingi, kuona jani moja lililokunjwa vibaya kati ya mengi yaliyokunjwa sawa. Akayapitisha juu ya ule ukurasa kama anayekagua kuti. Mara akasimamisha chelewa.

"Tazameni hili," alisema. "Na hili la huku chini. Si pacha?"

Vichwa vitatu vikainama. Zipporah alifuatisha kwa ukucha, umbo kwa umbo. "Ni pacha."

"Basi tutamwonyesha hili, aseme. Kisha tumwonyeshe la pili. Akiyaita jina moja, anasoma. Akiyaita majina mawili, anatuimbia."

Bi Swafiya akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Allah, Kabibi! Ungekwenda shule wewe, tungekukimbia."

Sidi alipofika, bibi yake alimkalisha kando, mbali na watoto wengine. "Mama yangu, hapa pameandikwaje?"

Sidi akaitazama picha kwanza. "Mbuzi."

"Na hapa?"

"Akakimbia."

Lilikuwa neno lile lile. Sidi akaiona sura ya bibi yake, akaona na wale wawili wameacha kushona, akajua.

"Lakini mlipenda!" alisema. "Kila siku mlisema nisome hicho hicho. Mlipenda!"

Kabibi alimvuta akamkalisha mapajani, ingawa alikuwa mkubwa mno kupakatwa. "Tulipenda kweli. Kosa ni letu, si lako. Tuliahidi kukusikiliza wewe, tukakaa kusikiliza mbuzi."

Walimwita kila mtoto kwa zamu na kumjaribu vivyo hivyo. Wengi waliimba. Ilipofika zamu ya Whitney alikuja kwa kusitasita, akaweka kidole chini ya neno la kwanza akalivuta. "Ko... kofi... kofia." Zipporah akahamisha chelewa mpaka chini ya ukurasa. Whitney akalitazama kana kwamba hajapata kuliona. "Ko... fi... kofia."

Huyo ndiye waliyekuwa wakimwambia kesho.

"Whitney, mwanangu," Zipporah alisema hatimaye, na ulimi wake ulikuwa umepoteza ukali wote, "mimi nilikucheka. Chifu na astaafu. Tutamngoja."

Baada ya hapo kazi ilibadilika. Haikuwa tamu kama zamani, na baadhi ya watoto waliacha kuja kwa sababu kicheko kilipungua. Kitabu cha mbuzi kiliwekwa chini kabisa ya sanduku. Kila mshonaji alikuwa na chelewa yake na mtoto wake mmoja pembeni, na mtoto aliyekuja na kisa alichokijua alipewa asichokijua. Kilichosikika bandani sasa kilikuwa ni silabi, nyingine zikipanda, nyingine zikianguka, na katikati yake sauti za wanawake: "Hapo sikuelewa. Rudia." Sidi alinuna siku nyingi. Alikuwa amezoea kushangiliwa, na sasa alikwama mahali ambapo hata mtoto mdogo kuliko yeye asingekwama. Kabibi akamweka pamoja na Whitney. Whitney alimwonyesha jinsi ya kuvuta neno. Sidi naye akamwonyesha jinsi ya kulitoa mdomoni likishavutwa, lisitoke limekufa.

Kabibi alikwenda kwa Mwaringa, akamkuta kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga, akamweleza yote. Alimwomba asimtangaze Sidi na mbuzi wake.

Mwaringa aliweka mwiko chini. "Kabibi, jambo hili nimeshawaambia watu. Wazee wa mtaa wanakuja. Mwache mtoto aseme mbuzi wake siku moja tu. Vitabu vikishabaki, mtafunzana polepole mpaka kiyama. Kwani utamdhulumu nani?"

Alirudi nyumbani na swali hilo kichwani, kwa sababu hakukuwa na ubaya wa wazi katika maneno hayo. Kwani angemdhulumu nani? Alijiuliza hivyo akipika, akafagia huku akijiuliza.

Asubuhi ya siku ya kufunga shule alikuwa akimsugua Sidi miguu kwa jiwe karibu na karai la maji.

"Hawe, nisome ya mbuzi?"

"Wewe wataka kusoma ipi?"

"Ya mbuzi sikosei."

"Najua, mama yangu."

Alimpaka mafuta, akamfunga vifungo vya sare, wakaondoka.

Wazazi walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa shule, wengine wameketi kwenye madawati yaliyotolewa nje, wengine wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake wa banda walikaa pamoja mbele. Mwaringa alikuwa amevaa koti. Alisimulia habari za sanduku, akamsifu Mwalimu Easter, akajisifu kidogo mwenyewe, kisha akamwita Sidi. Mtoto akatokea ameshika kitabu cha mbuzi kwa mikono miwili, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

Kabibi akasimama.

Hakuwa amekusudia kusimama wakati huo. Miguu ndiyo iliyosimama.

"Mwalimu, samahani, na mwenyekiti, samahani. Kisa hicho mjukuu wangu anakijua kwa moyo. Alikijua tangu siku ya kwanza, na sisi tulidhani anasoma, kwa sababu sisi ni watu wa kusikia. Akiwasomea huo mbuzi mtafurahi, lakini mtakuwa hamjaona kitu. Naomba Mwalimu achague kitabu chochote ambacho hakikuja bandani, afungue popote, ampe."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mwaringa alipanguza paji la uso kwa leso. Mwalimu Easter alimtazama Kabibi kwa muda, kisha akamtazama Sidi, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Utaweza?" alimwuliza.

Sidi alimtafuta Whitney kwa macho, akampata. "Nitajaribu, Mwalimu."

Kililetwa kitabu kutoka kabatini, kipya, kurasa zake bado zimeshikana kwa upya. Mwalimu akakifungua katikati. Sidi akaweka kidole, na banda zima likajua kwamba yuko peke yake kisimani.

"Ma... mama... aka... akachota... ma-ji... maji." Akavuta pumzi. "Nd... ndo... ndoo... ili..."

"Ah!" Mwaringa hakuweza kujizuia. "Huyu juzi alikuwa akitiririka kama kasuku!"

"Kama kasuku, naam!" Zipporah alimjibu kutoka alipokaa. "Umesema kweli yote, mwenyekiti. Sasa mwache asome kama mtu."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampa Sidi nafasi ya kupumua. Akaendelea. Ndoo ilikuwa nzito. Mama akajitwika kichwani. Alisoma sentensi ile, akaingia inayofuata, na katikati yake akaruka kitu. Kabibi alikuwa amefumba macho. Uzi ulikatika, naye bila kufikiri, kama aliyekaa jamvini pake, akasema kwa sauti:

"Hapo sikuelewa. Rudia, mama."

Na Zipporah na Bi Swafiya, kwa mazoea yale yale, wakasema pamoja, "Rudia."

Sidi hakuona haya, maana hayo ndiyo maneno aliyoyasikia kila siku. Alirudisha kidole nyuma. "Mtoto a... aka-m... akamtua. Mtoto akamtua mama yake ndoo." Akainua uso, ameona picha yote kichwani mwake mara moja, na safari ile alisema kwa sauti yake ya bandani, sauti ya zamani: "Mtoto akamtua mama yake ndoo!"

Wazazi walikuwa wamesikia kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia, mtoto akishindwa na neno, kisha akilishinda. Mama yake Whitney ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha wengine wakafuata.

Mwalimu Easter alichukua kitabu. Alisema maneno machache, kama desturi yake. "Labda mtasema mmesikia mtoto akisoma vibaya. Mimi nimesikia mtoto akisoma. Tena nimesikia bibi ambaye hajui herufi akimrudisha mahali pale pale alipokosea. Darasani nina watoto wengi ambao hawana mtu wa kuwaambia rudia." Akageuka kwa Mwaringa. "Mwenyekiti, kabati litafunguliwa."

Mwaringa alikohoa. Alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mtu wa kinyongo. "Basi na sisi waashi tuna masikio. Lile jengo letu liko njiani mwa watoto. Tuleteeni sanduku."

"Huko kuna vumbi," Mwalimu alisema. "La kwenu litakaa kioskini kwa Mama Whitney. Mtakwenda huko mkinywa chai."

"Nitawasikiliza mimi mwenyewe kama kweli wanasikiliza," alisema Mama Whitney, na Mwaringa akacheka kuliko wote.

Watu walipotawanyika, Kabibi aliitwa ofisini kupokea sanduku la pili. Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Mwalimu Easter akamsogezea kidau cha wino, naye akakandamiza kidole gumba. Alama ikatoka kama doa la mafuta.

"Samahani, mama," Mwalimu alisema. "Itabidi urudie."

"Nimezoea," Kabibi alisema, na safari hii alicheka.

Lakini kabla hajarudia aliinama juu ya ile karatasi. Macho yake yalipita juu ya mistari, yakatulia mahali, yakashuka, yakatulia tena. Alikuwa na chelewa imechomekwa kwenye kilemba chake, akaichomoa.

"Mwalimu, hili hapa na hili la huku chini. Si pacha?"

Mwalimu Easter akatazama. "Ni pacha."

"Ni neno gani?"

"Vitabu."

Kabibi akarudisha chelewa juu, akaivuta polepole chini ya lile neno, midomo yake ikilisema bila sauti, na mlangoni Sidi akamngoja, hakumharakisha.